UZI: Rick Scott wa Florida, kutoka biashara ya hospitali hadi ugavana na Seneti

Wanajamvi, salaam.

Kila uchaguzi unapokaribia huku kwetu husikika hoja ileile: tumpe mfanyabiashara, kwa sababu amekwisha kuendesha kampuni, anajua thamani ya shilingi, na kwa kuwa ameshiba hatakuwa na haja ya kuiba. Hoja hii hurudiwa sana, lakini ni nadra kuipima kwa mtu mmoja ambaye rekodi yake iko wazi tangu siku ya kwanza ya biashara hadi leo. Nimemchagua Rick Scott, aliyekuwa gavana wa jimbo la Florida kuanzia Januari 2011 hadi Januari 2019 na ambaye sasa ni seneta wa jimbo hilo, kwa sababu hakuwahi kushika nafasi yoyote ya kuchaguliwa kabla ya ugavana. Hakuwa diwani wala mbunge. Aliomba kura kwa biashara peke yake, na wapiga kura walimpa jimbo lenye mamilioni ya watu, lenye bahari pande mbili na vimbunga karibu kila mwaka.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kushika. Naamini biashara haimfundishi mtu uongozi kwa ujumla wake. Inamfundisha biashara ile aliyoifanya. Scott alijifunza kununua, kuunganisha, kukata gharama na kupima kila kitu kwa tarakimu moja, na alipoingia serikalini alifanya hayo hayo. Pale ambapo tatizo lilikubali kupimwa hivyo alifanya kazi nzuri, na pale lilipokataa, walioumia walikuwa watu ambao hawakuwamo katika ile tarakimu.

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa Illinois mwaka 1952, akakulia Missouri katika familia ya kipato kidogo iliyowahi kuishi katika nyumba za umma, baba yake wa kambo akiwa dereva wa lori. Alitumikia jeshi la majini, kisha akiwa mwanafunzi wa chuo alinunua duka la donati ili mama yake apate kazi ya kulisimamia. Baadaye alisomea sheria Texas na kufanya kazi katika ofisi ya mawakili Dallas, ambako shughuli yake kubwa ilikuwa mikataba ya kununua na kuunganisha kampuni, zikiwemo za afya. Nawaomba msiipite haraka hatua hiyo. Mlango aliouingilia katika sekta ya afya haukuwa wodi wala zahanati, ulikuwa meza ya mikataba.

Mwaka 1987 alijaribu pamoja na wenzake kuinunua HCA, kampuni kubwa ya hospitali, wakakataliwa. Mwaka uliofuata alishirikiana na mwekezaji Richard Rainwater kuanzisha kampuni ya Columbia, wakaanza na hospitali mbili za El Paso. Kilichofuata kilikwenda kwa kasi ya ajabu: mwaka 1993 waliungana na Galen, kampuni nyingine ya hospitali, mwaka 1994 wakaungana na HCA ile ile iliyowakataa, na kufikia 1997 Columbia/HCA ilikuwa na hospitali zaidi ya 340, mamia ya vituo vya huduma za nyumbani, na nafasi ya kwanza kwa ukubwa duniani katika biashara ya hospitali. Mkurugenzi mkuu alikuwa na umri wa miaka 44.

Machi 1997 maofisa wa upelelezi wa serikali ya shirikisho walivamia ofisi za kampuni hiyo huko El Paso wakachukua makaratasi, na miezi michache baadaye upekuzi ukaenea majimbo mengine. Shutuma zilihusu jinsi kampuni ilivyokuwa ikiidai Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, pamoja na programu nyingine za umma: madai yaliyoongezwa ukubwa, wagonjwa walioandikiwa hali nzito kuliko waliyokuwa nayo ili malipo yapande, na madaktari waliopewa manufaa ili walete wagonjwa. Julai 1997 bodi ilimwondoa Scott, akaondoka na kiinua mgongo cha takriban dola milioni 10 na hisa zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 300. Kampuni ilikiri makosa 14 ya jinai, na kwa awamu mbili, mwaka 2000 na mwaka 2002, ikalipa jumla ya takriban dola bilioni 1.7. Kwa wakati huo hayo yalikuwa malipo makubwa kuliko yote ya udanganyifu wa afya katika historia ya Marekani.

Hapa haki itendeke. Scott mwenyewe hakushtakiwa. Alipogombea alisema kwamba angepaswa kuajiri wakaguzi wengi zaidi wa ndani, na kwamba kiongozi hubeba dhamana ya yaliyotokea chini yake. Wapinzani wake nao hawakuacha kukumbusha kwamba mwaka 2000, akihojiwa chini ya kiapo katika kesi nyingine ya madai, alitumia mara 75 haki yake ya kikatiba ya kutojibu. Kwa mtazamo wangu, suala la kama alijua au hakujua si zito kama lile la kampuni ilivyojengwa. Wasimamizi wa hospitali walipewa malengo ya mapato na bonasi kwa kuyafikia, na mtu anayepimwa kwa tarakimu moja ataitafuta tarakimu hiyo popote ilipo. Yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya malengo ya mauzo anaelewa ninachosema.

Inaendelea.

Mwaka 2001 alishiriki kuanzisha Solantic, mtandao wa kliniki za kutibu bila miadi ulioanzia Jacksonville, na mwaka 2003 akahamia Naples, mji wa pwani ya magharibi ya Florida wenye matajiri wengi. Mwaka 2009 alirudi mbele ya umma kwa kufadhili kampeni ya matangazo ya kupinga mageuzi ya afya ya Rais Obama, na Aprili 2010, zikiwa zimebaki miezi michache tu kabla ya mchujo wa chama chake cha Republican, akatangaza kuwania ugavana.

Wazee wa chama walikuwa na mtu wao, Bill McCollum, mwanasheria mkuu wa jimbo. Scott aliwapita kando akaingia moja kwa moja kwenye televisheni za watu. Katika tamko lake la mali mwaka huo alionyesha utajiri wa takriban dola milioni 218, na katika kampeni nzima familia ilitumia karibu milioni 75. Alimshinda McCollum Agosti, na Novemba akamshinda Alex Sink wa chama cha Democratic, ambaye naye alitoka kwenye benki, kwa kura zisizofika 62,000 kati ya zaidi ya milioni tano. Wakati huo Florida ilikuwa hoi. Soko la nyumba lilikuwa limeanguka, ukosefu wa ajira ulikuwa unazunguka asilimia 11, na mgombea aliyekuja na neno moja, kazi, alisikilizwa hata na watu waliojua habari za Columbia/HCA.

Ahadi yake ilikuwa hatua 7 za kuleta ajira 700,000 katika miaka 7. Wachumi wa serikali ya jimbo walikuwa wamekwisha kukadiria kwamba uchumi ukijiponya wenyewe ungeleta karibu ajira milioni moja katika kipindi hicho, hata gavana akiwa nani. Katika kampeni Scott alisema zile 700,000 zingekuwa juu ya hizo. Alipokwisha kuapishwa akaanza kusema kwamba ni 700,000 tu, basi. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti ya ajira milioni moja, na wapiga kura wengi hawakuiona kwa sababu tarakimu iliyoandikwa kwenye mabango ilibaki ileile. Hata hivyo, ukosefu wa ajira ulishuka hadi chini ya asilimia 4 kufikia mwaka 2018, na gavana huyu alisafiri huku na huko kuyashawishi makampuni yahamie Florida kwa bidii ambayo hata mahasimu wake waliikubali. Hakuchukua mshahara wa ugavana, aliuza ndege za serikali akatumia yake, na deni la jimbo lilipungua. Anayesema mtu huyu hakufanya lolote hasemi kweli.

Sasa tuangalie upande wa pili wa leja. Mwaka 2011 huohuo alisaini sheria iliyofupisha muda wa kulipwa fidia ya kukosa kazi kutoka wiki 26 hadi idadi inayopungua kadiri uchumi unavyopata nafuu, mpaka wiki 12, huku malipo yakibaki hayazidi dola 275 kwa wiki. Maombi yakatakiwa kupitia mtandao tu. Mfumo mpya wa kompyuta uliogharimu takriban dola milioni 77 ulianza kazi Oktoba 2013, ukasumbua tangu siku za kwanza, na wakaguzi wa jimbo waliandika kasoro zake. Kwa tarakimu za bajeti na orodha ya wanaolipwa, hayo yalikuwa mafanikio, maana waliolipwa walikuwa wachache. Ilipofika Machi na Aprili 2020, Scott akiwa ameshakwenda Seneti na janga la korona limefunga hoteli na mikahawa, mfumo ulizidiwa kabisa. Huko Hialeah, karibu na Miami, watu walipanga foleni ya magari nje ya maktaba ya umma wakisubiri fomu za karatasi za kuomba fidia, wengine wakiwa wamevaa barakoa, wengine wametoka kwenye magari wanasukumana dirishani wakati ambapo ugonjwa ulikuwa unaua. Gavana aliyefuata, wa chama hichohicho, alilalamika hadharani kwamba mfumo ulionekana kujengwa ili watu wakate tamaa.

Kuhusu mgongano wa maslahi sitachukua muda mrefu, ingawa lingetosha uzi wake. Siku chache kabla ya kuapishwa, hisa za Solantic zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 62 zilihamishiwa kwenye amana ya mke wake. Mwaka huohuo Scott aliagiza wafanyakazi wa serikali wapimwe dawa za kulevya, na kliniki za Solantic zilikuwa zinatoa vipimo vya aina hiyo. Alisema kliniki hizo zisingefanya biashara na serikali, na kelele zilipozidi familia iliuza hisa. Upimaji wa lazima wa wafanyakazi, pamoja na ule wa wanaopokea msaada wa serikali, ulizuiwa na mahakama za shirikisho kwa sehemu kubwa. Wanaodai kwamba tajiri hana haja ya kuiba hukosea swali. Mwenye duka moja akiingia ofisini duka lake linaonekana. Mwenye hisa katika amana na mifuko mingi anahitaji kulindwa dhidi ya maamuzi yake mwenyewe, na sheria nyingi, zetu zikiwemo, hazijajiandaa kwa hilo.

Februari 2011 pia alizikataa dola bilioni 2.4 za serikali ya shirikisho kwa ajili ya treni ya mwendokasi kati ya Tampa na Orlando, kwa hoja kwamba gharama zikizidi walipakodi wa jimbo ndio watakaobeba. Hoja hiyo naiheshimu, maana tunajua huku kwetu miradi mikubwa inavyoweza kuacha madeni. Fedha zikagawiwa majimbo mengine.

Nimeulizwa hapa kama hakuna hata eneo moja ambalo uzoefu wake wa biashara uliwafaa wananchi moja kwa moja. Lipo, nalo ni vimbunga.

Septemba 2017 Irma ilipokuwa inakuja kutoka Karibi, Scott alitangaza hali ya dharura katika kaunti zote 67 siku sita kabla kimbunga hakijagusa visiwa vya Keys. Alisimamisha ushuru wa barabara, akashughulika na malori ya mafuta ili vituo visikauke, na kila baada ya saa chache alionekana kwenye televisheni akiwa amevaa kofia ya jeshi la majini, akirudia bila mapambo kwamba nyumba inaweza kujengwa upya lakini maisha hayajengwi upya. Watu wapatao milioni 6.5 walikuwa chini ya amri ya kuhama. Kugawa mafuta, kupanga magari, kuhesabu vitanda vya makazi ya muda, kuuliza kila saa nani amekwama wapi: hiyo ni kazi ambayo mtu aliyeendesha hospitali 340 anaijua, na aliifanya vizuri.

Lakini hata hapo kuna ukurasa mchungu. Katika mji wa Hollywood, kaskazini mwa Miami, nyumba ya kulelea wazee ilipoteza umeme wa viyoyozi baada ya Irma, na wazee wakakaa siku kadhaa katika joto kali ilhali hospitali yenye umeme ilikuwa jirani tu. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimesababishwa na tukio hilo. Wasimamizi walisema walipiga namba ya simu ya mkononi ambayo gavana mwenyewe alikuwa ameitoa kwa taasisi za aina hiyo. Ofisi yake ikasema ujumbe ulipokelewa, ukapelekwa kwa wahusika, kisha ukafutwa. Dhamana ya kwanza ilikuwa ya wenye nyumba ile, na Scott alilazimisha taasisi zote za wazee ziwe na jenereta, jambo lililokuja kuwa sheria mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2018, Februari 14, watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule ya sekondari ya Parkland. Scott, ambaye chama cha wenye bunduki kilikuwa kimempa alama za juu kabisa, alisaini ndani ya wiki nne sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, na chama hicho kikaenda mahakamani siku hiyohiyo. Nataja hili kwa sababu ni mara chache sana aligeuka baada ya kukaa na waliofiwa.

Mara nyingine ilikuwa Februari 2013, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi katika habari nzima. Miezi michache baada ya kumzika mama yake, yule wa duka la donati, Scott alisimama akasema kwamba kifo chake kimembadilisha mtazamo, na kwamba anaunga mkono kupanua Medicaid, bima ya umma ya maskini, ili wakazi wengi zaidi watibiwe, huku serikali ya shirikisho ikilipa gharama yote kwa miaka mitatu ya kwanza. Upanuzi huo ulikuwa sehemu ya mageuzi ya Obama, na mtu aliyeingia siasa kwa kuyapinga alikuwa amesema hivyo hadharani. Hakuupigania msimamo huo bungeni. Mwaka 2015 Seneti ya jimbo ilipoleta mpango wake ambao ungewahudumia watu takriban 800,000, gavana aliupinga, Baraza la Wawakilishi likaukataa, na mpaka leo Florida haijapanua bima hiyo. Alikuwa na ujuzi wa biashara ya hospitali ambao magavana wachache wa wakati wake walikuwa nao. Alijua gharama ya mtu asiye na bima anayeletwa chumba cha dharura usiku, kwa sababu hospitali zake ziliwapokea watu hao. Kama kulikuwa na mahali ambapo hoja ya "tumpe mfanyabiashara, anaijua kazi" ilipaswa kuzaa matunda, palikuwa hapo.

Ndugu mwingine ameuliza kuhusu chaguzi zake zilizofuata, kwa kuwa amesoma kwamba hakuwahi kupendwa sana. Ni kweli. Mwaka 2014 alimshinda Charlie Crist, gavana wa zamani aliyehamia Democratic, kwa asilimia 48.1 dhidi ya 47.1. Katika mdahalo wao wa Oktoba mwaka huo alichelewa kupanda jukwaani kwa dakika kadhaa, watazamaji wakiona kiti chake kitupu, kwa sababu Crist alikuwa ameweka feni chini ya meza yake na timu ya Scott ikasema kanuni hazikuruhusu. Mwaka 2018, akiwa amezuiwa na ukomo wa mihula miwili, aligombea Seneti dhidi ya Bill Nelson, akatumia zaidi ya dola milioni 60 zake, na baada ya kura kuhesabiwa upya akashinda kwa kura 10,033 kati ya zaidi ya milioni nane.

Katika karatasi ileile ya kura kulikuwa na jambo jingine ambalo wengi hawaliunganishi na jina lake. Crist alipokuwa gavana alikuwa amewarudishia haki ya kupiga kura watu zaidi ya 150,000 waliomaliza vifungo vyao. Scott, mwanzoni mwa ugavana wake, alibadili utaratibu: mtu asubiri miaka mitano au saba baada ya kumaliza adhabu, kisha aombe mbele ya bodi ya watu wanne mjini Tallahassee, makao makuu ya jimbo, gavana akiwa na uwezo wa kukataa lolote. Aliwahi kueleza katika kikao kwamba hakuna kigezo, bodi inaweza kufanya inavyotaka, na jaji wa shirikisho aliyanukuu maneno hayo mwaka 2018 aliposema utaratibu unakiuka katiba, ingawa mahakama ya rufaa ilisimamisha amri yake. Katika takriban miaka saba walirudishiwa haki watu wapatao 3,000. Novemba 2018 wapiga kura wa Florida waliifuta, kwa wengi wa waliomaliza adhabu, kanuni ya katiba ya jimbo iliyowanyima kura waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa makubwa, kwa zaidi ya asilimia 64, siku ileile walipompa Scott ushindi wa kura 10,033. Zaidi ya watu milioni moja hawakuwa na sauti siku hiyo. Sisemi wangempigia nani, kwa kuwa hakuna ajuaye. Nasema kwamba aliyekuwa akiamua nani apige kura alikuwa pia mgombea.

Seneti imekuwa na mantiki yake. Alipewa uongozi wa kamati ya kampeni za maseneta wa Republican kwa uchaguzi wa 2022, na Februari mwaka huo akatoa mpango wake mwenyewe uliotaka kila Mmarekani alipe japo kodi kidogo ya mapato na kila sheria ya shirikisho ife baada ya miaka mitano isipopitishwa upya. Rais Biden akaushika mpango huo, akawauliza wazee kama wako tayari Medicare ipigiwe kura kila baada ya miaka mitano. Kiongozi wa maseneta wa Republican, Mitch McConnell, akaukana. Scott alikuja kuongeza kifungu cha kuziondoa Medicare na mafao ya uzeeni katika utaratibu huo, Februari 2023, wakati maneno yalikuwa yamekwisha kuenea. Kwa mtu ambaye kampuni yake ilikiri makosa kuhusu Medicare, kuacha mlango huo wazi tangu mwanzo kulikuwa kosa ambalo diwani wa kawaida asingelifanya.

Novemba 2022 aligombea kumng'oa McConnell katika uongozi huo, akapata kura 10 dhidi ya 37. Novemba 2024, siku chache baada ya wananchi wa Florida kumrudisha Seneti kwa tofauti ya takriban pointi 13, ushindi wake mkubwa kuliko wote, alijaribu tena nafasi ya kiongozi wa maseneta wa chama. Elon Musk na sauti nyingi za mitandaoni zilimpigia debe. Kura ilikuwa ya siri, katika chumba kimoja, mbele ya wenzake waliomjua kwa miaka sita, na hakukuwa na matangazo ya televisheni ya kununua. Alipata 13, akatolewa raundi ya kwanza, na John Thune akachukua nafasi. Muhula wa Scott unaisha Januari 2031.

Karibuni kwa hoja. Anayeona kwamba nimeionea biashara alete mfano wake, ila tafadhali aje na miaka na tarakimu.